Foleni Imehamia Saiba

Tunaambiwa kila siku ati huduma za mtandaoni zimemaliza foleni. Za nani? Hapa Kakuma foleni imetoka dirishani ikahamia saiba, na kule unalipia.

Tangu 2023 serikali ya Kenya inataka malipo ya huduma zake yapite eCitizen, kwa namba moja, 222222. Sawa, hongo ya mkononi inapungua, hapo hatubishi. Lakini mama anayeazima simu, namba ya kuthibitisha inaingia kwa jirani. Mzee asiyesoma, paswodi yake inabaki kwa kijana wa saiba pamoja na namba ya kitambulisho. Hiyo bado ni siri kweli? Na Julai 2023 wadukuzi walipoishambulia eCitizen, hata watu wa Nairobi walikwama. Sembuse aliyetoka Kalobeyei kwa nauli ya boda ya kukopa!

Kompyuta tunazipenda, wengine wetu ndiyo kazi tunayoitafuta. Ila dirisha lisifungwe. Ndugu wa mashirika, mkileta mafunzo ya dijitali, leteni na meza moja yenye mtu na karatasi, mtandao ukilala yeye aendelee. Sisi tutakaa hapo kwa zamu, tutafsiri Kiswahili, Kisomali, Kiarabu. Paswodi za watu tu ndizo hatutaki kushika.