Kitunguu saumu hakichukui nafasi ya serumu

Kalemie na kipindupindu wanajuana tangu zamani. Mwaka 2013 na 2014 Médecins Sans Frontières ilitoa chanjo ya kinywa hapa mjini, kwa sababu ugonjwa ulikuwa haukomi kando ya ziwa. Tangu hapo vita vimeleta familia nyingi kwenye kambi kama Katanika na Kalunga. Na penye foleni ya maji hapakosi mtu wa kutoa ushauri: anayeharisha apewe kitunguu saumu kilichopondwa, kinaua mikrobu.

Ushauri huo si uongo mtupu, na hapo ndipo hatari ilipo. Kitunguu saumu kikipondwa kinatoa alisini, ile yenye harufu kali. Mwaka 1944 wanakemia wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, waliitenga na kuonyesha kwamba inaua bakteria. Lakini hiyo ilikuwa maabarani, ambako dawa inakutana na mikrobu moja kwa moja ndani ya kisahani. Ndani ya tumbo la mtoto alisini inavunjika upesi. Na kitunguu kikipikwa kizima, kama wengi wanavyokitia kwenye sombe, karibu haitoki kabisa.

Tena, kinachomuua mgonjwa wa kipindupindu ni kuishiwa maji mwilini. Akizidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na kufa siku hiyo hiyo. Hata antibiotiki za hospitali ni msaada tu. Kinachookoa ni ORS, na serumu kwa aliyelegea. Wakitibiwa mapema, hafi hata mgonjwa 1 kati ya 100.

Mama anayeponda kitunguu usiku asilaumiwe. Kituo kiko mbali, pikipiki inataka pesa ambayo hana. Wa kuulizwa ni wenye kupanga misaada: kwa nini pakiti za ORS na klorini zisiwe ndani ya kambi, mkononi mwa mhamasishaji wa afya, kabla mvua haijaanza?

Kwa sasa, wakati pikipiki inatafutwa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, hata njiani. Akitapika, wangoje dakika 10, kisha waendelee polepole.