Flashi za Nyimbo Ziandaliwe kwa Mfumo Unaosomeka Garini

Mhariri,

Madereva wengi wa daladala, wanapochomeka flashi ambayo redio ya gari haiisomi, huilaumu redio au huitupa flashi yenyewe, ilhali mara nyingi kasoro imo katika mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kupanga kumbukumbu ili kifaa kijue kila wimbo umehifadhiwa wapi. Redio nyingi za gari hutambua mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4 lakini unatosha kabisa kwa nyimbo za MP3, ambazo kila mmoja huwa na MB chache tu. Mfumo wa NTFS, uliobuniwa kwa ajili ya kompyuta za Windows, mara nyingi hukataliwa. Hata mfuatano unaowashangaza wasikilizaji, pale taarabu inapofuatwa na mahubiri, hutokana na baadhi ya redio kufuata zamu ya kunakiliwa kwa mafaili badala ya alfabeti. Wanaojaza nyimbo vibandani kwa malipo wanawajibika kuyajua haya, kwa kuwa mteja hulipia sauti itakayosikika. Basi na waifomati kila flashi kwa FAT32, baada ya kuhifadhi kwingine vilivyomo, kwani kufomati hufuta kila kitu.

Msomaji,
Tanga