Programu za afya zagonga mwamba kwenye majina na saa za Bujora

JINA la mkazi wa Bujora halikai kwa urahisi ndani ya visanduku viwili. Katika viunga hivi vya Kisesa, wilayani Magu, mtu mmoja huweza kuitwa kwa jina la ubatizo kanisani, kwa jina la baba yake shuleni, na nyumbani kwa jina la Kisukuma alilopewa siku alipozaliwa. Yote ni majina yake halali, na kila moja huweza kuwa limeandikwa katika daftari tofauti la zahanati.

Tena majina hayo hujirudia. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayezaliwa baada yao ni Shija, na aliyekuja duniani mvua ikinyesha huitwa Mabula. Anayemtafuta Kulwa mmoja katika kompyuta ya kituo cha afya atawapata Kulwa wengi, na asipokuwa mwangalifu atafungua jalada la mtu mwingine.

Suala hilo linaweza kuonekana dogo mbele ya uhaba wa dawa na waganga. Lakini wakati huu ambapo serikali, mashirika na kampuni za simu zinashindana kuingiza huduma za afya ndani ya simu za mkononi, ndipo penye kipimo cha haki. Simu zipo na mitandao ipo. Kinachopaswa kuulizwa ni kwamba skrini ile, na maneno yaliyo juu yake, vilibuniwa kwa kumfikiria nani.

Kisesa yenyewe imekwisha kutoa sehemu ya jibu. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha Mwanza, imekuwa ikifuatilia afya ya wakazi wa eneo hilo, kaya kwa kaya, hasa kuhusu maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Mwaka 2015 watafiti walianza kuunganisha kumbukumbu hizo za majumbani na zile za kliniki katika Kituo cha Afya cha Kisesa. Kikwazo kilijitokeza mapema: hapakuwa na namba moja ya utambulisho ambayo kila mgonjwa alikuwa nayo.

Programu waliyoitengeneza haikumlazimisha mgonjwa kuwa na namba. Karani aliketi naye na kumwuliza majina yake, hadi matatu, kisha mwaka wa kuzaliwa, kijiji, kitongoji, jina la balozi wa nyumba kumi na jina la mtu mwingine anayeishi naye. Kompyuta ilipima ufanano wa maandishi, kwa kuwa jina lile lile huandikwa kwa L mahali pamoja na kwa R mahali pengine, kisha ikaleta orodha ya watu waliokaribiana. Karani na mgonjwa walithibitisha pamoja kwa kutazama watu wa kaya ile.

Huo ulikuwa ubunifu wa hali ya juu ingawa hauna mapambo yoyote. Waliobuni walitambua kwamba Bujora na Kisesa mtu hutambulikana kwa watu wake, wakaiacha mashine ifuate mazungumzo ambayo watu wangeyafanya hata pasipo mashine. Balozi wa nyumba kumi, cheo ambacho vijana wa mjini hukidhihaki, akageuka kuwa kiungo muhimu cha mfumo wa kompyuta.

Mwelekeo wa sasa ni mwingine. Huduma nyingi hutaka Namba ya Kitambulisho cha Taifa, yenye tarakimu 20. Faida yake haina ubishi, kwani namba haichanganyi Kulwa na Kulwa. Lakini kuingiza tarakimu 20 kwenye simu ya tochi, mtoto akiwa mgongoni na foleni ikiwa nyuma, ni kazi ambayo aliyeibuni pengine hajawahi kuifanya. Akikosea moja huanza upya.

Baada ya jina huja saa. Mkazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, kama Mswahili yeyote, huianza siku alfajiri: jua likiwa limekwisha kuchomoza huwa saa moja. Simu yake huonyesha saa 7:00. Yeye huitazama saba na kusoma moja bila kufikiri, wala haoni tatizo.

Tatizo huanza pale programu iliyotengenezwa ughaibuni inapotafsiriwa kwa haraka. Kikumbusho cha dawa kilichopangwa kwa saa mbili za usiku, ambazo Mzungu huziita nane, kikiandikwa "saa 8 usiku" humwambia mgonjwa anywe dawa usiku wa manane. Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, ambazo hutakiwa kumezwa kwa wakati ule ule kila siku, hilo ni kosa la kitabibu lililofanywa na mtafsiri. Wauguzi walikwisha kulimaliza zamani kwa kalamu: moja kutwa mara tatu, baada ya chakula. Si programu nyingi zilizojifunza kwao.

Kuna mwalimu mwingine ambaye wabunifu wa huduma za afya wamemkwepa bila sababu, naye ni pesa za simu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu walijifunza kubonyeza *150*00# na kufuata orodha ya namba bila kuhudhuria semina. Wanajua kwamba kabla fedha hazijaondoka jina la mpokeaji litaonekana, na kwamba namba ya siri ndiyo mlango wa mwisho. Programu ya afya inayomwambia mtu huyo huyo aingize "nywila" humtia woga bure, wakati "namba ya siri" ameizoea tangu alipotuma fedha kwa mara ya kwanza.

Tovuti nazo hazijambo kwa kujisahau. Nyingi huweka miongozo katika mafaili mazito ya PDF, mingi ikiwa kwa Kiingereza, na kumwachia msomaji gharama ya bando. Hata zile zenye Kiswahili safi huweza kutoa ushauri usiotekelezeka. Mfano ni kichocho, ugonjwa unaousumbua ukanda wote wa ziwa na ambao vimelea vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Ukurasa ukimwambia mvuvi aepuke kugusa maji ya ziwa, umemwambia aache kula. Ukimwambia kwamba maji ya kuogea yakitekwa na kuachwa siku moja hadi mbili, au yakichemshwa, vimelea hivyo hufa, na kwamba dawa ya prazikwanteli hutibu, umempa la kufanya jioni hiyo hiyo.

Zipo huduma zilizoanza na mtumiaji. Novemba 2012 ilizinduliwa Tanzania Bara huduma ya Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alituma neno MTOTO kwenda namba 15001, bila malipo, akaanza kupokea ujumbe kulingana na umri wa mimba yake. Baba, au ndugu mwingine, naye aliweza kujiandikisha kama msaidizi. Kipengele hicho cha msaidizi kilikuwa na akili nyingi, maana katika kaya nyingi simu haikuwa ya mama.

Hapo ndipo penye hatari pia. Simu inayotumiwa na kaya nzima haina siri, na ujumbe unaotaja ugonjwa huweza kuvunja ndoa kabla haujaokoa maisha. Nchini Kenya watafiti walilitatua hilo kwa neno moja. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, wagonjwa walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walitumiwa kila wiki ujumbe wa "Mambo?". Walijibu "Sawa" au "Shida", na aliyesema shida alipigiwa na muuguzi. Jina la ugonjwa halikutajwa, wala la dawa. Walioshiriki walikuwa 538. Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi lililopokea ujumbe, na asilimia 50 katika kundi ambalo halikupokea.

Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa ubunifu wa skrini ya simu, na hauna picha hata moja.

Jirani na Bujora, upande wa pili wa Ghuba ya Mwanza, Sengerema ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyofanyiwa majaribio ya mfumo wa m-mama katika miaka ya 2010, pamoja na Shinyanga. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua kitaifa mjini Dodoma Aprili 2022. Mama mwenye dharura ya uzazi, ndugu yake au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bure. Anayepokea ndiye mwenye kompyuta: huuliza dalili, hutazama kituo kinachofaa, hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu.

Katika mpango huo mama hana programu ya kupakua, hana fomu ya kujaza, wala hahitaji kujua kusoma. Ugumu wote umehamishiwa kwa mtu aliyefunzwa na anayelipwa kuubeba. Takwimu za uzazi zimeimarika katika kipindi hicho: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015 na 2016. Si haki kuipa simu sifa yote hiyo, kwani vituo vya upasuaji vimeongezwa na wakunga wamefunzwa, lakini sauti ya mtu inayojibu saa tisa za usiku ina sehemu yake. Wizara ya Afya nayo ina namba yake ya taarifa na ushauri, 199, ambayo pia haina malipo.

Hatua inayofuata imekwisha kuanza. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na vishikwambi vinazidi kuingia katika kazi ya kutembelea kaya. Mhudumu atakayekaa kwenye kigoda uani kwa mtu, akiuliza maswali kwa Kisukuma na kuandika majibu kwa Kiswahili katika fomu iliyofikiriwa kwa Kiingereza, ndiye atakayebeba pengo lote kati ya lugha hizo tatu. Asipopewa nafasi ya kuandika asichokiona kwenye orodha, atachagua kisanduku kilicho karibu ili skrini imruhusu kuendelea, na takwimu itafika Dodoma ikiwa safi na yenye makosa.

Kwa upande wa siri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti, na usindikaji wake huhitaji ridhaa. Sheria hutaka ridhaa hiyo itolewe na mtu anayeelewa. Katika programu nyingi inaombwa kwa aya ndefu za kisheria na kitufe kimoja cha "Nakubali", na mgonjwa wa Kisesa aliyefika kutafuta dawa hataambiwa kitakachotokea asipokibonyeza.