HIP HOP KALI INATOKA WAPI? KANDA YA ZIWA TUNAJIANGUSHA WENYEWE

Wadau, kila mkibishana hip hop mnataja Dar na Arusha tu. Chuga heshima yao: X Plastaz walichanganya rap na nyimbo za Kimasai, Joh Makini naye mnamjua. Moro kuna Afande Sele na Stamina. Ila Mwanza imetoa Fid Q na Young Killer. Kwa mistari, kwangu Rock City ndo namba moja.

Tatizo ni sisi wa Chato na Geita. Madogo wanachana kwa lafudhi ya Chuga! Maduara ya dhahabu tunayo, ziwa tunalo, Kisukuma tunacho, nani anavichana? X Plastaz hawakuona aibu na cha kwao. Tukizidi kuiga tutabaki mashabiki tu.

Unabisha? Leta hoja, sio matusi.