Stesheni ya Syokimau: Jengo Lipo, Safari Ziko Wapi?

Katika mighani ya Wakamba, aghalabu hutajwa Syokimau, nabii wa kike anayesemekana kuishi katika karne ya 19. Simulizi zake hueleza kuwa alitabiri kuja kwa wageni weupe waliobeba moto mifukoni, pamoja na nyoka mrefu ambaye angetambaa kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, na Ziwa Viktoria mwaka wa 1901, wasimulizi hawakuhitaji kuambiwa nyoka huyo ni nani. (Wagikuyu nao wana Mugo wa Kibiru na nyoka wake wa chuma, yaelekea reli iliwajia manabii wengi ndotoni.)

Kwa hiyo, Rais Mwai Kibaki alipofungua stesheni mpya katika mtaa wa Syokimau, takriban kilomita 16 kutoka kitovu cha Nairobi, tarehe 13 Novemba 2012, utabiri ulionekana kurudi nyumbani. Jengo lenyewe ni pana na la kupendeza. Liliandaliwa maegesho ili mwenye gari aliache hapo, apande garimoshi na kuukwepa msongamano wa Barabara ya Mombasa. Wazo hilo lilikuwa jema, na ni vigumu kumpata mkazi wa viunga vya Nairobi ambaye angelipinga.

Walakini, abiria hapandi jengo. Stesheni hupimwa kwa ratiba yake, na hapo ndipo Syokimau inapopungukiwa. Huduma za reli za kuwasafirisha wakazi wa Nairobi na vitongoji vyake zimeegemea nyakati mbili: asubuhi kuelekea mjini na jioni kurejea. Ratiba ya namna hii humfaa karani anayeingia ofisini saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Je, muuguzi wa zamu ya usiku asafiri vipi? Mwanafunzi mwenye mhadhara wa saa nane alasiri je? Na mama aliyekwenda Gikomba alfajiri kununua bidhaa, akamaliza saa nne asubuhi akiwa na mzigo kichwani? Hao wote huiona stesheni kupitia dirisha la matatu. Utingo hulaumiwa kwa kelele na kwa kupandisha nauli mvua inyeshapo, na lawama hizo anazistahiki. Lakini saa nane mchana yupo, na saa tatu usiku yupo.

Mwaka wa 2017 reli mpya kutoka Mombasa, yenye urefu wa kilomita 472, ilifunguliwa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikajengwa huko huko Syokimau. Mtu angetarajia kuwa mwenyeji angefaidika. Lakini reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, ilhali ile ya tangu ukoloni ina upana wa milimita 1,000. Garimoshi la Mombasa haliwezi kamwe kuingia katikati ya jiji kwa njia ya zamani. Abiria hana budi kushuka na kupanda jingine la kumfikisha mjini, nalo huondoka kwa kufuata saa za garimoshi la Mombasa. Safari zikaongezeka, ni kweli, ila zimepangwa kwa ajili ya mpita njia.

Kisha, mnamo Novemba 2020, yakazinduliwa magarimoshi ya dizeli yaliyonunuliwa kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, yakiwa yamekwisha kutumika huko. Wapo waliokejeli kwamba taifa limeanza kuvaa mitumba hadi relini. Kejeli hiyo haikuwa na uzito. Reli ya Mallorca ina upana ule ule wa milimita 1,000, kwa hivyo magarimoshi hayo yanaoana na njia iliyopo. Isitoshe, yana chumba cha dereva kila upande. Yakifika mwisho wa safari hugeuza mwelekeo bila kuhamisha kichwa kutoka mbele kwenda nyuma. Chombo cha namna hii ndicho hasa kinachofaa kwa safari fupi za mara kwa mara.

La kustaajabisha ni lililofuata. Mwaka wa 2022 barabara ya juu ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika, nayo hupitia Syokimau. Mwenye gari yule yule aliyebembelezwa mwaka wa 2012 aliache gari lake stesheni, miaka kumi baadaye akafunguliwa njia ya kumfikisha mjini ndani ya gari hilo hilo, mradi ana pesa za kulipa. Asiye na gari akabaki na ratiba yake ya asubuhi na jioni. Mipango miwili inayopingana hivi haiwezi kuitwa sera ya usafiri.

Watetezi wa ratiba ya sasa hudai kuwa garimoshi la mchana litakwenda tupu. Hoja hii inapuuza ukweli kwamba abiria hawezi kungoja garimoshi ambalo halipo. Tena, Barabara ya Mombasa haifungwi saa nane kwa sababu magari yamepungua. Mbona reli idaiwe kujaza mabehewa kila saa ndipo iruhusiwe kuhudumu? Kizuizi cha kweli ni kwamba sehemu kubwa ya njia ya zamani ina reli moja, na magarimoshi yanayokabiliana hulazimika kupishana stesheni. Hilo huzuia msururu wa safari kila baada ya dakika kumi. Halizuii safari moja ya saa nne asubuhi, moja ya saa nane alasiri na moja ya saa tatu usiku, kwa yale yale magarimoshi ya Mallorca, na ratiba ikabandikwa langoni kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, ili mama wa Gikomba aisome kabla hajanyoosha mkono kusimamisha matatu.