Je, Tuiachie Kompyuta Hesabu Zetu?

Mwaka huu katika darasa letu yamezuka mabishano ambayo mpaka leo hayajakwisha. Yanasikika bwenini, yanasikika kwenye foleni ya chakula, na hata Jumapili baada ya misa utawakuta wawili watatu chini ya mwembe wakibishana. Swali lenyewe ni hili: mwanafunzi mwenye kompyuta au simu iliyo na programu ya hesabu, ana haja gani ya kujichosha na karatasi? Wengine husema hana haja. Wengine husema programu hizo ni uvivu mtupu na zipigwe marufuku. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Nitaeleza sababu zangu, nikianza na aibu yangu mwenyewe.

Siku moja tulipewa swali la jometri. Kuna tufe ambalo mlinganyo wake ni x² + y² + z² = 3. Tena kuna mstari uliopinda, ambao kila nukta yake hupatikana kwa namba moja iitwayo t: x = t, y = t², z = t³. Tuonyeshe mstari huo unakutana wapi na uso wa tufe. Msomaji asiyependa hesabu asikimbie. Na afikiri juu ya waya uliopindwa unaotoboa chungwa. Sisi tunataka kujua matundu yako wapi.

Mimi sikushika kalamu. Nilifungua GeoGebra, programu isiyouzwa, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter wa Austria. Niliandika t² + t⁴ + t⁶ − 3, nikaiamuru itafute namba inayoifanya hesabu hiyo kuwa sifuri, nikaiambia ianze kutafuta kwenye 2. Kabla sijapepesa jicho ikanijibu: 1. Nikaandika nukta (1, 1, 1), nikafunga daftari. Taa zilipozimika usiku ule, kama zinavyozimika mara nyingi hapa Kamenge, niliwacheka moyoni wenzangu waliokuwa wakiwasha mishumaa ili wamalize kazi.

Asubuhi Padri anayetufundisha hesabu alitazama kazi yangu, akaniuliza kwa upole: “Kijana wangu, waya huu ulipoingia ndani ya chungwa, haukutoka?”

Nikajibu: “Padri, mashine ndivyo ilivyosema.” Darasa zima likaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Sasa tazameni jinsi kalamu ilivyokuwa rahisi. Tukiita t² kwa jina la u, mlinganyo wetu unakuwa u³ + u² + u − 3 = 0. Kwa kuujaribu tu, tunaona kwamba u = 1 inafaa. Basi tunagawa, tunapata (u − 1)(u² + 2u + 3) = 0. Ile sehemu ya pili haina jawabu katika namba halisi, kwa sababu 4 kutoa 12 ni hasi. Kwa hiyo u ni 1 peke yake, na t ni 1 au −1. Nukta ni mbili: (1, 1, 1) na (−1, 1, −1). Mistari minne ya daftari, na hakuna anayeweza kuuliza kama ipo nukta ya tatu.

Je, mashine ilisema uongo? La, hasha! Kosa lilikuwa langu. Niliiagiza itafute jawabu moja karibu na 2, nayo ilitii. Nilipouliza nikafahamu jinsi kazi ya namna hii inavyofanyika. Njia inayojulikana sana ni ile ya Newton wa Uingereza: unakisia namba, unatazama mteremko wa mstari pale ulipo, kisha unaufuata mteremko huo mpaka unapokata sifuri, na hapo unaanza tena. Ukianza na 2, hatua ya kwanza inakufikisha karibu na 1.64, na hatua zinazofuata zinakusogeza mpaka 1. Ukianza na −2 utafika −1. Ukianza na 0, mteremko ni sifuri, na hesabu inakwama palepale kama gari lililoishiwa petroli. Mashine inategemea mahali ulipoianzishia. Asiyejua hayo ni sawa na mtu anayemwuliza njia mgeni wa jana.

Kuna mtego mwingine pia. Mstari ukiligusa tufe bila kuingia ndani, programu inayotafuta mahali ambapo hesabu inageuka kutoka chanya kuwa hasi haitaona kitu. Chukueni x = t, y = 1, z = 0, na tufe la nusu-kipenyo 1. Tunabakiwa na t² = 0. Namba ile haigeuki kuwa hasi hata mara moja, lakini mguso upo! Kwa kalamu hata mtoto wa mwaka wa kwanza angeuona.

Haya, wale wa kupiga marufuku wasishangilie mapema. Badilisheni kidogo tu swali: x = t, y = sini ya t, z = t, na tufe x² + y² + z² = 4. Tunapata 2t² + sin²t = 4. Hapo jaribuni kugawa, jaribuni kubadili majina, mtakesha mpaka jogoo awike. Mlinganyo huu hautatuliki kwa aljebra tuliyofundishwa. Kalamu inaweza kutuhakikishia kwamba majawabu ni mawili, moja chanya na moja hasi yake, kwa kuwa upande wa kushoto hukua tu t inapokua kutoka sifuri. Lakini tarakimu zenyewe, 1.2454 na −1.2454, mashine inazitoa mara moja. Kalamu imetuambia ni ngapi, mashine imetuambia ziko wapi. Hapo ndipo ninapoona ukweli wa jambo hili.

Wala wazee wetu wa hesabu hawakudharau vyombo. Omar Khayyam, Mwajemi aliyefariki mwaka 1131, alitatua milinganyo ya kipeo cha tatu kwa kukatanisha duara na mistari iliyopinda. Hivi leo kijana wa pikipiki anayempeleka mgonjwa hospitali ya Roi Khaled, akitazama ramani katika simu yake, anatumia matufe bila kujua. Kila setilaiti ya GPS, iliyo juu kiasi cha kilometa 20,200, humpa umbali, na umbali huo ni nusu-kipenyo cha tufe. Simu hutafuta mahali matufe hayo yanapokutana, na huhitaji setilaiti nne, kwa sababu saa ya simu nayo yapaswa kusahihishwa. Nani angefanya hesabu hiyo kwa mkono huku pikipiki inakwenda?

Lakini liko jambo linaloniuma zaidi. Wenzetu wengi wanaorudi nyumbani jioni hawana simu ya namna hiyo, na wengine nyumbani kwao hamna umeme kabisa. Tukiacha kazi za nyumbani zishindwe na mwenye simu, tutakuwa tunapima mfuko wa mzazi, si akili ya mtoto. Na siku ya Mtihani wa Serikali sote tutakaa mbele ya karatasi, mwenye simu na asiye nayo. Aliyezoea kubebwa, siku hiyo atajua mwendo ni mrefu.

Kwa hiyo natoa shauri langu. Kwanza, tuandike mlinganyo kwa mkono na tuseme majawabu yanapaswa kuwa mangapi. Pili, ndipo tufungue mashine. Tatu, tulirudishe jawabu lake ndani ya mlinganyo na kulihakiki. Na chumba cha kompyuta kifunguliwe Jumamosi kwa wanafunzi wa kutwa, ili wote wajifunze chombo hiki kwa haki.

Haya ni maoni yangu. Asiyekubali na ashike kalamu anijibu katika toleo lijalo. Ila nimwombe jambo moja: asije akaniambia kwamba mashine ndivyo ilivyosema.