Mzazi, jaribio la tiba lisikutishe, uliza limepangwaje

Nilikuwa Nyangoto, wilayani Tarime, kwenye kikao cha wazazi kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nilipomaliza kueleza kwamba siku hizi dozi ni moja tu, baba mmoja alisimama.

"Daktari, binti yangu mkubwa alichanjwa mara mbili. Huyu mdogo mnasema mara moja inatosha. Chanjo zimewaishia, au mnawafanyia majaribio watoto wetu?"

Watu walicheka. Mimi nilimjibu kwa haraka, tukaendelea na mengine. Lakini swali lake lilikuwa zito, na nadhani nawe msomaji umewahi kujiuliza kama yeye. Leo nalijibu inavyostahili.

Ndiyo, jaribio lilifanyika, ila si kwa binti yake. Lilifanyika kwa jirani zetu Mwanza, kuanzia mwaka 2017. Wasichana 930 wa umri huohuo waligawanywa kwa kura: wengine wakapata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Walifuatiliwa na kupimwa damu. Baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa na kinga dhidi ya HPV aina ya 16, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kusababisha saratani hiyo. Utafiti mwingine uliofanyika Kenya kwa wasichana wakubwa kidogo nao ulionyesha kwamba dozi moja inakinga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaanza kuitumia.

Kwa hiyo, baba yangu wa Nyangoto, dozi haikupunguzwa kwa kubahatisha. Swali liliulizwa kwanza, likapangiwa jaribio, likajibiwa, ndipo binti yako akaletewa chanjo.

Maoni yangu ni haya: tunaogopa kitu kisicho sahihi. Tunaogopa jaribio lililopangwa vizuri, lakini hatuogopi tiba ambayo haijawahi kupimwa na mtu yeyote.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilipoanza kazi, mtoto akiletwa na homa kali, anapumua kwa shida, mikono na miguu ya baridi, nilifanya nilichofundishwa: nilifungua dripu maji yaingie kwa kasi. Waliopona, nilisema dripu imewaokoa. Waliofariki, nilisema mama alichelewa kumleta.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Teule ya Muheza. Watoto 3,141 wenye hali hiyo waligawanywa kwa kura. Wote walipata matibabu ya ugonjwa wao, lakini wengine waliongezewa maji kwa kasi na wengine hawakuongezewa hivyo. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji kwa kasi walifariki kati ya 10 na 11. Kwa wasiopewa, walifariki 7.

Nilisoma matokeo hayo mara mbili, kisha nikaanza kukumbuka sura za watoto. Hadi leo sijui ni wangapi. Na kina mama wale niliowalaumu kwa kuchelewa, sikuwahi kupata nafasi ya kuwaomba radhi.

Hapa naomba usinielewe vibaya. Jaribio lile halikuhusu mtoto anayeharisha. Anayeharisha anahitaji maji, ORS na zinki, tena mapema.

Tofauti ya watoto watatu kati ya 100 haionekani kwa macho ya daktari mmoja wodini, hata awe hodari namna gani. Inaonekana pale tu watu wanapokaa chini na kupanga kabla ya kuanza. Mpango wenyewe si siri ya maprofesa.

Kwanza, kuwe na swali moja lililo wazi, na jambo moja la kuhesabu, vilivyoandikwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Ukichagua cha kuhesabu baada ya kuona matokeo, unajidanganya.

Pili, kuwe na kundi la kulinganisha, na mgawanyo uwe wa kura. Daktari akichagua mwenyewe, atawapeleka wagonjwa mahututi upande mmoja bila hata kujua.

Tatu, idadi ikokotolewe mapema. Watoto 20 hawawezi kukuonyesha tofauti ya watatu kati ya 100. Utakuwa umewasumbua bure.

Nne, kuwe na kibali. Hapa nchini kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hupitia mpango, na jaribio la dawa au chanjo huhitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Tano, wawepo watu wa pembeni wanaoangalia takwimu jaribio likiendelea, wenye uwezo wa kusema "simamisheni". Jaribio lile la maji lilisimamishwa Januari 2011, kabla idadi iliyopangwa haijatimia, kwa ushauri wa kamati ya namna hiyo. Kuna watoto waliookolewa na kamati ambayo hawakuwahi kuiona.

Elimu hii isibaki Mwanza, Ifakara na Muhimbili. Tabibu na muuguzi wa Tarime au Serengeti wafundishwe kupanga jaribio dogo lenye manufaa. Kwa mfano: je, kumpigia mama simu siku ya pili kunasaidia mtoto amalize dawa ya malaria? Maswali kama hayo yapo huku kwetu, na anayeyajua ni yule anayekaa na wagonjwa. Na mpango unapoandikwa, wazazi wawe mezani tangu mwanzo, si kuletewa karatasi ya kusaini mwishoni.

Nawe mzazi, siku ukiombwa mwanao aingie kwenye utafiti, usikimbie wala usisaini kwa aibu ya kumkatalia daktari. Uliza: Mnatafuta jibu la swali gani? Asiyepata dawa mpya atapata nini? Kibali kiko wapi? Nani anaangalia usalama wa mwanangu, na akidhurika nani atamtibu? Nikitaka kumtoa, ataendelea kupata huduma kama kawaida? Na matokeo, mtarudi kutuambia?

Mtafiti aliyepanga vizuri atafurahi kuulizwa. Akikasirika, mchukue mwanao mwende nyumbani.

Baba yule wa Nyangoto aliuliza swali la kwanza kabla sijamfundisha lolote. Nikirudi kule, nitamwomba asimame tena aendelee na yaliyobaki.